Karani wa Kunde

Huku upande wa Tawa ukimtaja Mwalimu, hakuna anayeuliza mwalimu yupi. Watakuambia ndiye aliyewalaza njaa kwa neno moja. Watalisema hilo bila hasira, kama mtu anayekuonyesha mahali daraja lilipovunjika. Mimi nimefika chuo kikuu huko kusini, nimefundishwa nisikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na wengi, na hili nimejaribu kulikataa mara nyingi. Bado sijaweza kulikataa lote.

Alikozaliwa na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilimkuta akiwa Mwalimu, mtu mrefu, mabega yameinama mbele, koti limetiwa kiraka kwenye kiwiko kimoja na kingine kimeachwa kitoboke. Alitembea kama mtu aliyeangusha sindano. Ukikutana naye njiani angesalimu kwanza ua wa kando, ageuze jani moja aangalie chini yake, aliachie, ndipo akukumbuke.

"Wĩ mũseo, mwana wakwa? Mama hajambo?"

Kabla hujajibu kuhusu mama, mkono wake umesharudi kwenye majani. Mkewe alizoea kutuambia, "Nilidhani nimeolewa na mwalimu, kumbe nimeolewa na mbuzi. Hakuna jani linalopita bila yeye kuligusa." Mwalimu angecheka kwa pua na kuendelea.

Alichokitafuta kilikuwa nondo mdogo sana, ambaye kati yetu hakuna aliyekuwa na jina lake. Hafikii punje ya mtama. Mabawa yake ni membamba, yana mistari inayong'aa kama bati jipya, na kingo zake zina manyoya marefu kama kope. Akitua juu ya jani huinua kifua, kama mtu aliyejiegemeza kwenye viwiko anasikiliza. Huishi siku chache, na hata katika siku hizo huwezi kumwona usipokuwa na shida ya kumtafuta. Sehemu kubwa ya maisha yake yote hupita ndani ya jani la kunde.

Ndani, si juu. Jani la kunde, alitueleza Mwalimu, lina ngozi ya juu na ngozi ya chini, na katikati kuna nyama. Yai hutagwa juu ya jani. Kiwavi akitoka, hutoboa ngozi na kuingia katikati, bapa kama kipande cha karatasi, na huko huanza kula akisonga mbele. Hawezi kurudi nyuma. Anapopita ngozi hubaki tupu, na kwa nje unaona mstari mweupe unaopinda, mwembamba kama unywele mwanzoni, kisha mpana kidogo kidogo kwa kadiri anavyokua. Mwishoni huacha mwendo wa mstari na kula pande zote, mpaka panatokea baka la mviringo lililoinuka kama lengelenge. Hapo hutoboa, hutoka, hujifunga kitambaa chembamba ukingoni mwa jani, na baadaye hutoka nondo. Wakati mwingine mstari hukatika katikati bila baka. Ukipasua jani hapo utamkuta amekufa, na ndani ya mwili wake mna mtoto wa nyigu anayemaliza kumla.

"Usianzie penye baka," alituambia tulipokuwa watoto. "Kila mtu huliona baka. Anza kwembamba."

Neno hilo alilitumia kwa kila kitu. Hesabu ikikushinda, anza kwembamba. Wavulana wakipigana, aliwauliza kwembamba kwake ni wapi, na hakutaka kujua nani alimpiga nani mwisho. Siku moja nilimsikia akilisema msibani, ambako marehemu alikuwa ameugua muda mrefu bila mtu kujali. Wazee walimkata jicho.

Kioo cha taa cha nyumbani kwake hakikukaa kwenye taa. Alikifunga kitambaa juu na chini, ndani akaweka majani yenye viwavi, akangoja. Mkewe alipika gizani. Shuleni alitupiga fimbo tukizungumza Kikamba darasani, lakini kiwavi akimponyoka alimkemea kwa Kikamba kitupu, tena kwa maneno ambayo mama zetu wangetukata midomo kwa kuyasema. Alitufundisha kunawa mikono kabla ya kula, kisha tungemkuta akila mboga ya kunde iliyojaa mistari, na tukimwambia, "Mwalimu, ina wadudu," alijibu, "Basi leo kuna nyama." Ibada hakukosa. Lakini wakati wa kuomba mvua alitoka nje. Nikamuuliza kwa nini, akasema Mungu ana masikio.

Nilipokua nikaanza kubishana naye. Nilirudi kutoka chuoni nikiwa na maswali kama mtu mwenye upele.

"Faida yake ni nini huyu mdudu, Mwalimu?"

"Yako wewe ni nini?"

"Mimi nitajenga nchi."

"Haya. Yeye anajenga nondo."

"Unajuaje kwamba yai hutagwa juu ya jani? Umeona?"

"Sijaona anapotaga. Nimeona yai."

"Basi hujui."

"Sijui hilo," alisema, na akafurahi kweli, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akanishika mkono mpaka shambani kunionyesha ni kwa nini hajui, na kivuli kikahama tukiwa bado tumeinama. Alikuwa hivyo. Hukuweza kumwuliza swali dogo. Mtu mwenye haraka alipita njia ya mtoni ili asimkute.

Sasa nifike kwenye neno.

Shamba la kunde lililopakana na uwanja wa shule lilikuwa la mjane mmoja, Kalondu, aliyekuwa na binti shuleni, Mwikali, na kitoto cha mgongoni. Kalondu na Mwalimu walipatana. Yeye alimruhusu kuwaleta watoto shambani mwake, mradi wasikanyage, na Mwalimu alimtania kwamba kunde zake ndizo vitabu pekee ambavyo shule ilikuwa navyo vya kutosha. Ilikuwa karibu kweli.

Huko shambani alimpa yule kiwavi cheo. Alimwita karani. "Karani huyu hapa, anaandika. Mstari wake huu. Mwanzo mwandiko mdogo, halafu mkubwa. Na mwisho, mnaona? Ametia dole." Watoto walicheka, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na baba au mjomba mwenye kipande cha kazi, na katika kila kipande mna maandishi na alama ya dole gumba. Lile baka kwenye jani, kwa kweli, linafanana na dole. Hata mimi nililiona. Ulikuwa mzaha mzuri, na kwa miaka haukumdhuru mtu.

Lakini neno lenyewe halikuwa tupu. Huku kwetu kuandikwa si kuandikwa tu. Mtu akichukuliwa kazi ya mbali, ameandikwa. Kijana akipelekwa jeshini, ameandikwa. Ng'ombe wakipangwa mstari na kuhesabiwa mbele ya askari wa chifu, wameandikwa, na walioandikwa ndio waliopunguzwa baadaye. Malisho yaliyokuwa ng'ambo ya mto, walikolisha babu zetu, siku moja yaliandikwa, tukaambiwa tusivuke. Katika hayo yote aliyekuja kwanza hakuwa Mzungu wala askari. Alikuwa karani, na meza yake ndogo. Na watu walikuwa wamejifunza jambo moja kutokana na ng'ombe: waliowaficha milimani kabla karani hajafika walibaki nao. Kitu kisichoonekana hakiandikwi.

Mwaka huo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mvua ya vuli ilianza vizuri, kunde zikatambaa, na viwavi wakawa wengi kuliko tulivyozoea. Karibu kila jani lilikuwa na mstari. Uvumi ulikuwa mwingi vilevile: watu walisema maafisa wanapima ardhi upande wa Salama, na sijui kama ilikuwa kweli, sikumpata aliyewaona kwa macho yake. Yaliyosemwa jikoni kwa Kalondu aliniambia Kalondu mwenyewe baadaye, na sina sababu ya kumshuku.

"Mama, karani ameandika shamba letu," alisema Mwikali akimenya viazi.

"Karani gani?"

"Yule wa Mwalimu. Ameandika lote. Na dole ametia."

"Lini? Sijaona mtu."

"Huwezi kumwona. Mwalimu anasema anaandika sisi tukiwa tumelala."

Mtoto hakusema uongo hata neno moja.

Kulipopambazuka Kalondu alikwenda shambani. Aligeuza jani, akaona mstari, na mwisho wa mstari akaona dole. Akageuza lingine. Alimwita wifi yake, wifi akakimbia kwake kutazama, akakuta na la kwake limeandikwa. Jua lilipokuwa juu ya kilima wanawake wa upande ule wote walikuwa wameinama, wanang'oa, ili afisa akija asikute maandishi wala shamba. Walifanya kazi kwa utulivu na haraka, kama watu wanaoanua nafaka mvua ikija. Kunde zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua.

Mwalimu alitoka darasani mbio, chaki mkononi. Nami nilikuwa nikipita, nikamfuata.

"Mwaitu, mama, acha! Acha! Ni mdudu!"

Kalondu hakuinuka. "Mdudu gani anajua kuandika?"

"Haandiki, anakula!"

"Hata wao, Mwalimu, wakishaandika hula."

"Nilikuwa nacheza na watoto. Lilikuwa neno tu."

"Wewe ni mtu wa shule. Wewe na karani mlisoma pamoja. Umejua tangu lini?"

Akafanya alichojua kufanya. Alichuma jani, akalipasua kwa kucha, akamtoa kiwavi na kumweka kiganjani, mdogo, wa kijani, anajipindapinda juani. Akapita naye kwa kila mwanamke. "Mtazame. Huyu ndiye. Hana kitu kingine." Walitazama. Mzee mmoja aliyekuja kwa kelele zile aliinama akakitazama kiganja kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe siku hizi wanawafanya wadogo hivi." Hakucheka mtu. Nadhani yule mzee alitaka kutania, lakini lilipotoka mdomoni mwake halikuwa mzaha tena. Waliokuwa wamesimama kusikiliza wakarudi kung'oa.

Nilijaribu nami kusema, kwa Kiswahili changu cha chuoni. Niliulizwa kama nami nimetumwa.

Nimewafikiria sana wale wanawake. Wenzangu wa chuoni nikiwasimulia hucheka, na kicheko chao hukifanya kisa kiwe kidogo. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma kile kilichokuwa kimewapata, wakafanya kama walivyofundishwa nacho. Walikosea mdudu. Serikali hawakuikosea.

Mvua ilikatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa yanachanua. Kunde hustahimili, kila mtu huku anajua, na ndizo zingetuvusha. Hapo ningependa kusema labda nazo zingekauka, kwamba ukame ndio uliokula watu, wala si neno. Lakini kulikuwa na mzee kiziwi aliyekaa peke yake juu ya bonde, na habari haikumfikia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kumwelezea kwa mikono. Shamba lake liliandikwa kama ya wengine, majani meupe kwa mistari. Alivuna. Hakuja afisa, hakuja karani. Alivuna kunde zake, akazipura peke yake, na watu wakapanda mlima kwenda kumwomba.

Hilo shamba ndilo linalonizuia kumtetea Mwalimu nipendavyo.

Mwikali alipelekwa kwa shangazi yake upande wa Kitui ili mdomo upungue nyumbani, na huko akaozwa kabla ya wakati wake. Kitoto cha mgongoni hakikuiona mvua iliyofuata. Mwalimu alikwenda mazishini. Walimwacha asimame, wakamwacha aondoke. Hakuna aliyemtukana, na nadhani angependelea matusi.

Wakubwa wa shule walileta kijana mwingine wa kufundisha, na Mwalimu akabaki hapo hapo kwenye nyumba yake akilima kidogo. Wanawake wakitoka mtoni walizunguka kwa njia ya juu ambayo ni ndefu. Mkewe alirudisha kioo kwenye taa. Kalondu alipakana naye, walilima wamepeana migongo, na misimu ikapita bila yeye kumwambia hata habari za asubuhi. Mkewe aliniambia kwamba kila Mwalimu aliposikia hatua zake upande wa pili wa ua aliacha alichokuwa anafanya, akangoja. Alichotaka ni kusemeshwa tu. Alikuwa ameshaacha kutaka kusamehewa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa nikiaga kwenda kuanza kazi Nairobi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango. Mabega yalikuwa yamekwenda mbele zaidi, kama yanakutana. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa na mmea uliotambaa, na hakuutazama hata mara moja. Nilikuwa nimekuja na hoja. Nilimwambia neno si kosa, kwamba kosa ni la waliolifanya neno la kuogopwa, kwamba nimefikiri na nitaandika hivyo.

"Usiandike," alisema.

"Kwa nini? Ni kweli."

"Inaweza kuwa kweli. Kitoto kile kilikuwa kinaniita kwa kicheko nikipita. Usiandike."

Nilikuwa bado najipanga kumjibu alipoinua kichwa. Kalondu alikuwa amesimama kwenye pengo la ua. Mkononi alikuwa na jani la kunde. Nyuma yake shamba lilikuwa limeanza kutoa maua, na hata kutoka nilipokaa niliona weupe kwenye majani.

Hakutusalimu. "Wamerudi," alisema.

Mwalimu alisimama. Akatia mikono mfukoni mwa koti.

"Watu wanasema tung'oe leo," alisema Kalondu. "Wifi yangu ameshachukua kikapu. Nimesema ngoja, nikamwulize kwanza." Akanyoosha mkono wenye jani. "Hii ni nini?"

Nilimwona akijibu kabla hajajibu. Yote yalipanda usoni mwake, ngozi ya juu na ngozi ya chini, yai, kiwavi, nyigu. Kwa misimu yote hiyo alikuwa amengoja aulizwe hivyo, na aliyeuliza ndiye yule aliyemngoja. Nami niliona alichokiona: kwamba chochote ambacho angekijua juu ya jani lile, wangejiuliza amekijuaje, na ameambiwa na nani.

"Sijui, mwaitu," alisema.

"Hujui?"

"Sijui."

"Wewe? Uliyekuwa unawafundisha watoto, hata jina umempa?"

"Nilikuwa nawadanganya. Nilikuwa natafuta cha kuwachekesha. Sijui chochote juu ya majani."

Nilifungua mdomo. Alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

Kalondu alimkazia macho. Uso wake haukulegea. Kilichobadilika kilikuwa namna alivyolishika lile jani. Lilikuwa limeshikwa kwa ncha za vidole, sasa lilikuwa ndani ya ngumi.

"Nilijua," alisema. "Mtu mzima hawezi kujua upuuzi kama huo." Akalitupa. "Basi ni ugonjwa wa majani tu."

"Huenda."

"Mwikali alikuwa anakuamini."

"Ndiyo."

Aligeuka akapita penye pengo. Mwalimu hakukaa. Alibaki amesimama, kichwa kimeinama upande, na nilipotaka kusema neno aliinua kidole kuninyamazisha. Tulisikia sauti za wanawake wawili wakibishana, moja juu, moja chini, kwa muda. Kisha jembe likagonga udongo, likatua, likagonga tena.

"Anapalilia," alisema Mwalimu, akaingia ndani.